Somo la Jumamosi: Hita ya Kambi Garini, na Maneno ya Kumwambia Mkubwa



Baridi ya Minnesota imeshapiga hodi, na kama kila mwaka zimeanza zile simu: "Mwalimu, wikiendi tunakwenda kuvua samaki kwenye barafu na tutalala garini. Tununue hita gani?" Familia kadhaa za shule yetu hupenda kupanda hadi Duluth, kisha kuendelea kando ya ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Superior. Ni safari nzuri. Ziwa hilo ndilo kubwa kuliko yote duniani, kwa eneo, kati ya maziwa yasiyo ya chumvi, na la pili yake ni Ziwa Victoria. Kwa hiyo mtoto ambaye babu yake ni wa Mwanza au Kisumu anakwenda kumwona kaka mkubwa wa ziwa la kwao.

Lakini usiku wa Januari huko juu hauna mchezo. Katika mji mdogo wa Tower, tarehe 2 Februari 1996, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri za Selsiasi, sawa na 60 chini ya sifuri za Farenhaiti. Si kila usiku unafika hapo, ila usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri ni wa kawaida kabisa. Hita si anasa, na kuikosea si jambo dogo.

Nina sababu nyingine ya kuchagua somo hili. Miaka miwili iliyopita, umeme ulikatika usiku wa theluji mtaani kwa familia moja ya shule yetu. Wameniruhusu nisimulie bila majina. Bibi alikuwa na miezi mitatu tu tangu afike kutoka Tanga. Alipoona nyumba inapoa, akaenda kibarazani kuchukua jiko la mkaa la kuchomea nyama, akalikoleza, akaliingiza ndani na kufunga milango ili joto lisitoke. Mjukuu wake wa miaka tisa alikuwa amefundishwa shuleni kwamba jambo hilo ni hatari. Kwa Kiingereza angeweza kulieleza vizuri. Kwa Kiswahili alikuwa na neno moja tu: "Bibi, mbaya! Mbaya!" Bibi akadhani mtoto anaogopa kuungua. Akamsogeza pembeni, akamwambia, "Kaa huku, halitakuunguza."

Mungu saidia, king'ora cha ukutani kililia na mama yao akaamka. Walitoka nje na mablanketi, wakakaa kwenye gari la jirani mpaka zimamoto walipofika. Wote walipona, ila walikuwa na maumivu ya kichwa. Kesho yake Bibi alisema maneno ambayo sijayasahau: "Mngeniambia ni sumu, ningeelewa. Neno sumu nalijua."

Basi leo tunajifunza mambo mawili pamoja: namna ya kuchagua hita, na namna ya kumwambia mkubwa hatari kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Tuanze na kitendawili

Kitendawili! (Wote: Tega!)
Mgeni wangu hapigi hodi, hana rangi wala harufu, na akikaa sana wenyeji hawaamki.

Fikirini. Jibu limo ndani ya somo.

Msamiati wa leo

*Hita* – chombo cha kupasha joto. Husemwa hita hii, hita hizi.
*Mtungi* – chombo cha chuma cha kuwekea gesi. Wingi wake ni mitungi.
*Mwali* – ulimi wa moto. Wingi wake ni miali.
*Ekzosi* – bomba la kutolea moshi wa injini.
*King'ora* – kifaa kinacholia kwa sauti kali kutoa tahadhari. Wingi wake ni ving'ora.
*Oksijeni* – sehemu ya hewa ambayo mwili na moto vyote vinaihitaji.
*Kaboni monoksidi* – hewa ya sumu inayotoka pale kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha.
*Kuzirai* – kupoteza fahamu.
*Mfuko wa kulalia* – mfuko mnene ambao mtu huingia mzima na kufunga zipu.
*Umande* – matone madogo ya maji yanayoshika kwenye kitu cha baridi, kama kioo cha gari.

Mazungumzo: Mjomba na mpwa wake

(Someni wawili wawili. Mpwa ana miaka 11. Wako sebuleni, na boksi liko mezani.)

MPWA: Shikamoo, Mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Hujambo? Njoo uone mzigo. Nimepata hita ya gesi kwa bei ya kutupa.

MPWA: Sijambo. Inapendeza. Ni ya kutumia ndani au nje?

MJOMBA: Hita ni hita. Moto unajua ndani na nje?

MPWA: Naomba niisome karatasi yake, Mjomba. Imeandikwa hivi: "Itumike nje tu. Usiiwashe ndani ya nyumba, hema wala gari."

MJOMBA: Aa, hawa wanaogopa kushtakiwa tu. Hata kwenye kikombe cha kahawa wanaandika kwamba ni ya moto!

MPWA: Kweli wanaandika sana. Lakini hili lina sababu. Moto unatumia oksijeni ileile tunayovuta sisi. Ikipungua, moto unatoa hewa ya sumu, na hewa hiyo haina harufu.

MJOMBA: Kichwa kikianza kuuma si nitafungua mlango?

MPWA: Mtu aliyelala hajui kama kichwa kinamuuma, Mjomba.

(Mjomba ananyamaza kidogo.)

MJOMBA: Enhe. Sasa tufanyeje? Twende tukagande?

MPWA: Tuirudishe dukani, tuchukue iliyoandikwa kwamba inaruhusiwa ndani. Tuiwashe jioni na asubuhi, dirisha likiwa wazi kidogo. Wakati wa kulala, naomba tuizime. Na tununue king'ora.

MJOMBA: Na usiku wote huo?

MPWA: Usiku ni mifuko ya kulalia na chupa za maji ya moto. Bibi naye atatuazima lile blanketi lake zito.

MJOMBA: Umeshinda, wakili wangu. Ila risiti anayo mama yako. Utakwenda kumwomba wewe.

Kusoma: Maswali matatu kabla ya kununua

Mbele ya hita yoyote, uliza maswali haya matatu. La kwanza: moshi wake unakwenda wapi? La pili: nguvu yake inatoka wapi, na itatosha saa ngapi? La tatu: tukilala, nani anaiangalia?

Kabla ya hita yenyewe, kumbuka kwamba gari ni bati na vioo. Joto unalotia ndani linatoka upesi. Kwa hiyo pasha mtu kwanza, halafu hewa. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 80 hivi, na mfuko mzuri wa kulalia hulizuia joto hilo lisipotee. Tazama kiwango cha baridi kilichoandikwa kwenye mfuko, na uchague unaostahimili baridi kuliko ile unayoitarajia. Chini yako weka godoro la povu, kwa sababu sakafu ya gari hunyonya joto la mgongo usiku kucha. Ziba vioo kwa vipande vya povu lenye karatasi ya kung'aa. Lala na nguo kavu, si zile ulizotokea jasho mchana. Familia iliyofanya haya yote hutumia hita kidogo tu.

*Hita ndogo ya gesi ya propani.* Hii ndiyo inayouzwa sana. Iko ya nje tu, na iko inayoruhusiwa ndani ikiwa hewa inapita. Soma boksi lote, si picha. Ya ndani huwa na kifaa kinachoizima ikianguka, na kingine kinachoizima oksijeni ikipungua. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, na kifaa hicho huzima moto ikishuka hadi karibu asilimia 18. Ni msaada mkubwa. Lakini tuelewane: kifaa hicho hupima oksijeni, hakipimi sumu. Hakichukui nafasi ya king'ora.

Moshi wa hita hii unakwenda wapi? Unabaki humohumo mnamokaa. Ndiyo maana lazima dirisha liachwe wazi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye maelekezo, hata kama roho inauma kuona joto linatoka. Nani anaiangalia mkilala? Hakuna. Basi izimwe kabla ya kulala. Iwashe wakati wa kubadili nguo, wakati wa kula na asubuhi mnapoamka, mtu mzima akiwa macho na blanketi zikiwa mbali nayo.

Je, nguvu yake inatosha saa ngapi? Tupige hesabu. Mtungi mdogo wa pauni moja una joto la BTU 21,600 hivi. Hita ikiwekwa chini, kwenye BTU 4,000 kwa saa, tunagawanya: 21,600 ÷ 4,000 = 5.4, yaani saa tano na dakika 24. Ikiwekwa juu, kwenye 9,000, tunapata saa 2.4 tu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Propani ikiungua hutoa maji. Kilo moja ya propani hutoa maji karibu kilo 1.6 kwa njia ya mvuke. Mtungi wetu wa pauni moja, yaani gramu 454, utatoa karibu robo tatu ya lita. Maji hayo yatashika kwenye vioo kama umande, kisha yatalowanisha blanketi, na blanketi bichi halina joto. Hii ni sababu ya pili ya kuacha dirisha wazi kidogo.

Angalia pia jina la gesi. Propani hugeuka kuwa gesi hata kwenye baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani, ile ya vikopo vya majiko madogo ya mezani, hubaki kimiminika ikifika karibu nyuzi sifuri. Kwenye baridi ya Minnesota kikopo cha butani hukaa kimejaa na moto usiwake. Na kwa kuwa propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja hujikusanya sakafuni. Badilisha mtungi nje ya gari, moto ukiwa umezimwa.

*Hita ya dizeli.* Hii huvuta hewa ya kuunguza kutoka nje, na moshi wake hutoka nje kwa bomba lake. Ndani ya gari inaingia hewa safi iliyopashwa joto tu. Kwa swali la kwanza, hii ndiyo yenye jibu zuri kati ya hita zote za moto. Ya kilowati 2 hutumia kati ya lita 0.1 na 0.25 za mafuta kwa saa, kwa hiyo usiku wa saa nane unaweza kuisha kwa lita moja au mbili. Huhitaji pia umeme wa betri kuendesha feni yake, na hula umeme mwingi zaidi inapoanza kuwaka.

Ubaya wake ni bei na kazi ya kuifunga. Ifungwe na fundi anayeijua. Bomba lake la moshi lisitokee chini ya dirisha wala mlango, na lisizibwe na theluji. Zipo pia za kubeba kama sanduku. Hizo nazo bomba lazima liwe nje kabisa, bila upenyo wa kurudisha moshi ndani. Nunua dizeli ya majira ya baridi, kwa sababu ya kawaida huganda na kuziba. Na king'ora kiwepo, maana bomba linaweza kupasuka.

*Hita ya umeme.* Haina moto wala moshi. Kama eneo lenu la kambi lina nguzo ya umeme inayofanya kazi majira ya baridi, hili ndilo chaguo rahisi kuliko yote. Ulizeni kabla ya kuondoka nyumbani. Tumieni waya mnene wa nje uliotengenezwa kwa mzigo huo, na msiweke nguo juu ya hita.

Lakini msidanganyike kwamba betri itaiendesha. Hita ya wati 1,500 kwenye betri ya volti 12 inataka 1,500 ÷ 12 = ampea 125. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 12 × 100 = 1,200. Sasa 1,200 ÷ 1,500 = 0.8 ya saa, yaani dakika 48, na hapo hatujatoa kinachopotea njiani. Baridi nayo huinyima betri ya risasi sehemu ya nguvu zake, na betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri.

*Blanketi la umeme la volti 12.* Hili halipashi gari, linapasha mtu. La wati 50 kwa saa nane linatumia wati-saa 400, theluthi moja ya betri ileile iliyoshindwa kuendesha hita kwa saa moja. Tumia betri ya pembeni, si ile ya kuwashia gari, usije ukaamka asubuhi injini haiitiki. Mtoto mdogo asiachwe nalo peke yake.

Na usidharau *chupa ya maji ya moto*. Chemsha maji nje ya gari, jaza chupa isiyovuja, ivishe soksi, iweke miguuni ndani ya mfuko wa kulalia. Haina waya, haina moshi, haihitaji mlinzi.

Vitu vitatu ambavyo si hita

*Jiko la mkaa.* Nyumbani tumelizoea kwa sababu hukaa uani, au kwenye jiko la kuti ambamo upepo unapita. Halikuwa salama kwa sababu ni letu. Lilikuwa salama kwa sababu lilikuwa na hewa. Hata nyumbani, kwenye sehemu za baridi kama Njombe au nyanda za juu za Kenya, watu hufa wakilala na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa uliokwisha kutoa moshi na kubaki mwekundu ndio hudanganya zaidi: hauoni moshi, lakini sumu inatoka.

*Jiko la gesi la kupikia.* Limetengenezwa kupika, nje ya gari. Lisitumike kupasha joto mahali pa kulala.

*Injini ya gari lililosimama.* Theluji ikirundikana nyuma na kuziba ekzosi, moshi hurudi ndani. Ukilazimika kuwasha injini kwa muda, toka kwanza uondoe theluji kwenye ekzosi, fungua dirisha kidogo, na usilale. Gari lisiwashwe gereji, hata mlango ukiwa wazi. Februari 2021, umeme ulipokatika Texas kwa baridi kali, watu walikufa kwa sababu waliwasha magari gereji au waliingiza mkaa ndani kutafuta joto. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na baridi, na hawakujua.

Mgeni asiyepiga hodi

Jibu la kitendawili, bila shaka mmeshalipata, ni kaboni monoksidi. Hewa hii hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inabeba sumu na kuacha oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu na kuchanganyikiwa. Hufanana na mafua, ila hakuna homa. Dalili ya kutilia shaka kuliko zote ni hii: watu wote mlio ndani kuumwa kichwa kwa wakati mmoja.

King'ora ndicho mlinzi asiyelala. Soma maelekezo yake: vingi vya nyumbani vimetengenezwa kwa joto la nyumbani, kwa hiyo tafuta kilichoandikwa kwamba ni cha magari ya kupigia kambi na kinachostahimili baridi. Kijaribu kwa kubonyeza kitufe kabla ya safari, na kiweke karibu na mnapolaza vichwa, kama maelekezo yanavyosema.

Kikilia, au mkisikia dalili: tokeni nje wote, pigeni 911, msirudi ndani mpaka zimamoto waseme. Kila mtoto ajue namba ya eneo lenu la kambi, kwa sababu ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.

Sarufi: kuwaka na kuwasha

Watoto wetu wengi husema "hita inawasha". Kuwa mwangalifu! Bibi atafikiri inawasha ngozi kama upupu. Kitu chenyewe *kinawaka*. Mtu ndiye *anayekiwasha*. Tazama jozi hizi:

Hita inawaka. – Mjomba anaiwasha hita.
Hita imezimika. – Mama ameizima hita.
Maji yanapata moto. – Tunayapasha moto maji.
Maji yameganda. – Baridi imeyagandisha maji.
King'ora kinalia. – Moshi umekiliza king'ora.

Jambo la pili ni adabu. Kwa mdogo wako unaweza kusema "Zima!" Kwa mkubwa tunasema "naomba", halafu tunajitia na sisi wenyewe ndani ya kitendo: *Naomba tuizime. Naomba tulitoe nje. Tusilale kabla ya kuizima.* Hiyo "tu-" humheshimu mkubwa, maana humwamrishi, unamwalika.

Lakini sikilizeni vizuri, watoto. Hatari ikishafika, hakuna anayekudai "naomba". King'ora kikilia, piga kelele kwa sauti yako yote: "Tokeni nje!" Hakuna bibi wala babu atakayekuita mtovu wa adabu kwa hilo.

Sentensi tatu za kukariri wiki hii, kila mtoto, mkubwa kwa mdogo:

1. "Bibi, naomba tulitoe jiko nje. Linatoa hewa ya sumu."
2. "Sumu hii haionekani wala haina harufu, na inaua mtu akiwa usingizini."
3. "Tokeni nje wote sasa hivi! Msirudi ndani!"

Mazoezi

A. Jaza nafasi kwa neno sahihi: *inawaka, anaiwasha, tuizime, kinalia, limeganda.*
1. Baba ______ hita kabla ya chakula cha jioni.
2. Ziwa ______, tunaweza kutembea juu yake pale walinzi waliporuhusu.
3. Hita ______ tangu saa moja jioni.
4. Mjomba, tunakwenda kulala, naomba ______.
5. Amkeni! King'ora ______!

B. Kweli au si kweli?
1. Mkaa usiotoa moshi hautoi sumu.
2. Hita ya dizeli iliyofungwa vizuri hutoa moshi wake nje ya gari.
3. Kifaa kinachopima oksijeni kinatosha bila king'ora.
4. Butani huwaka vizuri kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

C. Hesabu
1. Familia ina mitungi mitatu ya pauni moja. Hita inatumia BTU 4,000 kwa saa, na wanaiwasha saa tatu kila siku. Mitungi itatosha siku ngapi kamili?
2. Betri ina wati-saa 1,200. Blanketi mbili za wati 50 zinatumika saa nane. Zitabaki wati-saa ngapi?

Kazi ya nyumbani, mtoto pamoja na mzazi

Kwanza, tafuteni kifaa kimoja cha moto au umeme nyumbani chenye onyo lililoandikwa kwa Kiingereza. Mtoto alisome kimoyomoyo, kisha amweleze mzazi kwa Kiswahili, bila neno la Kiingereza. Mzazi asimkatize. Akikwama, amsaidie neno moja tu, kisha aendelee.

Pili, mpigieni simu mzee wenu nyumbani, awe Lushoto, Limuru, Bukavu au kokote. Mwamkieni, kisha mwulizeni: wakati wa baridi mnapashaje joto nyumba? Sikilizeni kwanza. Kama hutumia mkaa, mtoto amweleze kwa heshima kwa nini jiko litolewe nje kabla ya kulala. Andikeni sentensi tano kuhusu mlichozungumza, mzilete Jumamosi.

Majibu

A: 1. anaiwasha 2. limeganda 3. inawaka 4. tuizime 5. kinalia
B: 1. Si kweli 2. Kweli 3. Si kweli 4. Si kweli
C: 1. Mitungi mitatu ni saa 16.2; ukigawanya kwa tatu ni siku tano kamili. 2. 50 × 2 × 8 = 800; zitabaki wati-saa 400.

Bibi yule wa Tanga bado yuko nasi, na kila Jumamosi humleta mjukuu wake darasani. Wiki iliyopita nilimsomea sentensi zetu tatu kabla ya kuzichapa. Akazisikiliza, akatikisa kichwa, akasema ya pili aipenda zaidi, "lakini hiyo ya tatu ndiyo aijue hata akiwa amelala."

Tahadhari kabla ya hatari. Wanaokwenda ziwani, safari njema, na mkirudi mtuletee samaki.

Mwalimu wenu wa darasa la kati